Agosti Niliyompisha Ouma

Mwaka huu mvua za masika zilipokaribia niliingia duka la pembejeo mjini Migori kumnunulia mama yangu mbegu. Kijana wa dukani alikuwa akipima pakiti moja iliyopasuka, na mahindi yakamwagika mezani, yale ya rangi ya waridi yaliyopakwa dawa. Harufu yake ikanipanda puani, kali, kama kutu iliyochanganywa na sabuni. Nilipojitazama nilikuta nimekunja ngumi.

"Pole, Mama, nitaokota yote," kijana akasema.

Nilimwambia sina hasira naye, na ilikuwa kweli. Niliowakasirikia hawakuwa pale dukani, na baadhi yao wamekwisha kuzikwa. Lakini hasira yenyewe bado ni nzima. Nimesikia watu wakisema kwamba ukikua unasahau, au unaelewa, na ukielewa unatulia. Mimi nimeelewa kila kitu, na kadiri ninavyoelewa ndivyo ninavyozidi kukasirika. Kazi yangu ni kufundisha, nami nimezoea kueleza jambo taratibu mpaka aliyekaa nyuma kabisa aelewe. Basi na hili nitalieleza hivyo hivyo.

Boma letu lilikuwa nje kidogo ya Awendo. Miwa ilituzunguka pande tatu, na upande wa nne ulikuwa barabara ya malori ya kiwanda. Baba alikuwa na wake wawili. Wa kwanza tulimwita Mama Mkubwa, na nyumba yake ilitazamana na lango. Mama yangu alikuwa wa pili, nyumba yake ikiwa ubavuni. Ouma alikuwa mwana wa Mama Mkubwa, kaka yangu kwa baba, aliyenitangulia kuzaliwa kwa mwaka na kidogo. Tulilelewa kama mapacha wenye majiko mawili. Tulikula kwa mama yake tukashiba, kisha tukaenda kwa mama yangu kusema tuna njaa.

Katika boma la Wajaluo, mkubwa hutangulia. Mke wa kwanza ndiye anayetia mbegu ya kwanza ardhini. Wa pili humfuata, halafu wake wa wana kwa zamu zao. Kuvuna ni vivyo hivyo, na kujenga nyumba, na kuoa. Mdogo akitangulia, husemwa kwamba amemruka mkubwa wake, na jambo hilo halipiti bure. Huleta chira. Kwetu tuliambiwa kwamba chira humpata yule aliyerukwa: anakonda, anaendelea kukonda, dawa haishiki, mpaka anakwisha.

Sitaki mtu afikiri ninaudharau utaratibu huo. Una busara yake. Wanawake wawili wanaolima shamba moja la mume mmoja wanahitaji kitu cha kuwazuia wasigombane, na zamu huwazuia. Lakini nakumbuka mwaka mmoja Mama Mkubwa alikwenda kwao Karungu kwenye matanga ya kaka yake, na mvua ya kwanza ikaanguka akiwa huko. Mama yangu alisimama mlangoni na karai la mbegu kiunoni, mimi nimeshika yangu mkononi, ile dawa ya waridi ikiniingia vidoleni. Mashamba ya jirani yalikuwa yamejaa watu. Sisi tulisimama. Mvua ilinyesha, ikakatika, ikanyesha tena.

"Hii mvua nayo haijui mkubwa ni nani," Mama akasema, akarudisha karai chini ya kitanda.

Mwaka huo mahindi yetu yalitoka mafupi, na hakuna aliyelaumiwa. Nilichojifunza ni kwamba kungoja ni afadhali kuliko kuua mtu.

Maana nilikuwa nimeshamwona mtu akifa kwa kurukwa. Ndivyo nilivyoamini. Alikuwa mdogo wa baba yangu, jina lake Okeyo, nasi tulimwita Baba Mdogo. Alikuwa akinunua samaki Karungu na kuuza Awendo na Migori, mtu mnene wa kucheka, mwenye saa kubwa ya chuma aliyoivaa mkono wa kulia kwa sababu, alisema, mkono wa kushoto ni wa watu wa kawaida. Alikuwa hajaoa. Mdogo wake, Ochola, alichoka kumsubiri, akajenga na kuoa. Haukupita muda mrefu Baba Mdogo Okeyo akaanza kukohoa.

Alirudi nyumbani kuuguzwa. Nilimpelekea uji asubuhi. Mdomo wake ulikuwa mweupe ndani, kama mtoto aliyenyonya sasa hivi. Ile saa ilianza kucheza mkononi, kisha ikateremka alipoinua kikombe, na mwishowe, akilala chali na mkono juu ya paji la uso, ilishuka mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa bado anafanya mzaha. "Achi," alininong'oneza, akilifupisha jina langu la Achieng, "saa inahama. Imechoka na mwenye nyumba."

Alipokufa, watu wote walisema ni chira. Dani, mama yake Baba, alisema hivyo akilia kaburini, na alimtaja Ochola kwa jina mbele ya waombolezaji. Ochola alifunga nyumba yake wiki hiyo hiyo, akachukua mkewe wakahamia Isebania mpakani. Hakurudi tena kuishi nasi. Redio ilikuwa ikitangaza habari za Ukimwi kila siku, na kwenye duka la soko kulikuwa na bango la fuvu la kichwa, lakini mimi nilijua Ukimwi ni ugonjwa wa madereva wa malori ya mbali na wa watu wa Nairobi. Haukuhusu mtu aliyeniletea mbuta waliokaushwa.

Hayo ndiyo niliyoyaamini nilipofika kidato cha pili.

Shule yangu ilikuwa ya bweni, ya wasichana, upande wa Homa Bay. Si ile ya Asumbi ambayo kila mtu aliijua. Yetu ilikuwa ndogo, na maabara yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza chache. Mwalimu wetu wa biolojia aliitwa Madam Nduku, mwanamke mfupi kutoka Machakos, aliyesema Kiswahili na wazazi kwa sababu Dholuo, lugha yetu, ilimshinda. Yeye ndiye pia aliyetushauri kuhusu masomo na vyuo. Siku moja aliandika ubaoni majina ya kazi: daktari, mfamasia, mhandisi, mtaalamu wa maabara, na nyingine nyingi.

"Wasichana, mnafikiri chuo kikuu kinaanza mkimaliza kidato cha nne," alisema. "Kinaanza hapa. Mwisho wa mwaka huu mtachagua masomo. Sasa tazameni. Nimeacha fizikia." Akafuta daktari kwa kiganja. "Nimeacha fizikia." Akafuta mfamasia. Aliendelea hivyo mpaka ubao ukabaki na ukungu wa chaki na majina mawili matatu pembeni. "Na ni nani huyo aliwaambia fizikia ni ya wavulana? Fizikia ina ndevu?"

Tulicheka, lakini mimi nilikuwa bado natazama pale neno daktari lilipokuwa. Tangu Baba Mdogo alale pale mkekani nilitaka kujua kitu kimoja tu, mtu anafanyaje asikonde. Sikujua kuliita jambo hilo udaktari mpaka nilipoona neno lile likifutwa.

Halafu Madam akatuambia juu ya Agosti. Masista wa hospitali moja ya misheni, si mbali sana na shule, wangewachukua wanafunzi wachache, wavulana na wasichana, kutoka shule mbalimbali wakae kwao karibu likizo nzima. Asubuhi wangefundishwa sayansi, na mchana wangekuwa wodini na maabara. Kila boma lingetoa mtoto mmoja, ili nafasi zienee. Na kwa kuwa meza za maabara yetu zilikuwa chache na darasa la fizikia la kidato cha tatu lingekuwa dogo, Madam alikuwa amekubaliana na mwalimu mkuu: msichana atakayemaliza Agosti kule hospitalini ameshapata kiti chake cha fizikia. Wengine wangegawiwa vitakavyobaki, na wengi wao wangepelekwa sayansi kimu, wakajifunze kupika na kushona.

Alichagua wasichana wawili, na mmoja alikuwa mimi.

Nilifika nyumbani likizo fupi ya katikati ya muhula nikiwa nimelibeba jambo hilo kama yai. Nililisema tukila jioni kwa Mama Mkubwa. Mama yangu alifurahi mpaka akasimama. Baba alikunja gazeti. Alikuwa karani wa mizani kiwandani, mtu aliyepima miwa ya watu kutwa na kusoma gazeti lote jioni, hata matangazo ya zabuni. Dani ndiye aliyeuliza.

"Na Ouma amekwenda lini huko?"

"Ouma hajaitwa, Dani."

"Basi na wewe hujaitwa."

Mpaka siku hiyo, nieleze vizuri, sisi wawili tulikuwa tumefuatana bila taabu. Ouma alifanya mtihani wa darasa la nane kwanza, akaingia sekondari ya kutwa ya Awendo kwanza, mimi nikaingia bweni mwaka uliofuata. Hakuna aliyelazimika kupanga. Hii ilikuwa mara ya kwanza mguu wangu kutaka kutangulia wake.

Na Ouma mwenyewe alikuwa kitandani. Alikuwa na malaria, jambo la kawaida kwetu kama mafua, lakini mimi sikuliona hivyo. Niliona kwamba nilisema "ndiyo" darasani, na Ouma akalala. Nilikwenda kukaa kando ya kitanda chake nikamtazama mkono. Alikuwa na saa ya plastiki iliyokatika mkanda akaifunga kwa waya. Niliitazama kama itateremka.

"Unatazama nini mkono wangu?" akauliza. "Ukitaka saa, sema. Lakini inachelewa."

"Sitaki saa."

"Nasikia wanataka kunipeleka hospitali kwa nafasi yako. Achi, mimi kuku akichinjwa natapika. Huko nitafanya nini? Nitaongeza wagonjwa." Alijaribu kucheka akakohoa, na ile sauti ya kukohoa ilinimaliza. "Nenda wewe. Mimi nataka kutengeneza redio. Kuna mtu yeyote humu ameniuliza?"

Hapakuwa na aliyemuuliza. Ouma alipona wiki hiyo hiyo, akala ugali wa watu watatu. Mimi nilirudi shuleni nikijua kwamba nimeonywa.

Baba alikuja siku ya wazazi. Wazazi wengine walikuwa wamekaa kwenye nyasi na vikapu vya chapati na kuku, wasichana wakila kama waliotoka jela. Baba alipita moja kwa moja mpaka kwenye ofisi ya walimu, akavua kofia, na mimi nikasimama nyuma yake.

"Mzee, nafasi hii Achieng ameipata kwa kichwa chake," Madam Nduku alimwambia.

"Sikatai kichwa chake, Madam. Umesema boma moja mtoto mmoja. Mtoto wa boma langu ni Ouma. Ni mkubwa."

"Ouma anataka udaktari?"

"Atautaka akifika."

"Na Achieng?"

"Achieng atafuata mwaka ujao."

"Mwaka ujao atakuwa ameshachagua masomo, mzee. Nisikilize vizuri. Akikosa hii Agosti, fizikia inaweza kumpita. Ikimpita, haitamngoja mahali."

Baba alisikiliza vizuri. Ninajua, kwa sababu nilimwona akisikiliza. Aligeuza kofia mikononi, akasema kwa upole kabisa, "Madam, sisi tuna utaratibu wetu. Wewe ni mgeni hapa. Si kosa lako."

Madam aliachana naye, akanigeukia. "Achieng. Usimtazame baba, nitazame mimi. Wewe unataka nini?"

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza swali hilo, na hakuna aliyeniuliza tena kwa muda mrefu baadaye. Nilifungua mdomo kusema ninataka kwenda, na nikauona mkono wa Baba Mdogo umelala kwenye paji la uso na saa ikiwa kwenye kiwiko, ila mkono ule ulikuwa wa Ouma.

"Aende Ouma," nikasema.

Uso wa Madam ulisawijika. Alidhani nimemwogopa baba. Alidhani, pengine, sikutaka kweli. "Sawa," alisema, akaingia ndani. Baba aliniwekea mkono begani, na huko nyumbani alisimulia watu jinsi binti yake alivyo na adabu. Mpaka leo, katika familia yetu, nikiigusa habari hii, kuna mtu hunikumbusha: "Lakini si wewe mwenyewe ulisema aende Ouma?" Ndiyo, nilisema. Mtoto aliyeambiwa kwamba daraja litavunjika akilikanyaga atasema mwenyewe kwamba hataki kuvuka. Baada ya hapo ni rahisi sana kumwambia kwamba hakutaka.

Agosti ikafika. Asubuhi aliyotakiwa kuondoka, Ouma alinikuta nyuma ya jiko la Mama nikipukuchua mahindi. Alikuwa amevaa suruali ndefu ya Baba, imekunjwa kiunoni.

"Sema ukweli," alisema. "Kwa nini ulimwambia Madam vile?"

Nilimwambia. Nilimwambia kwamba nikimruka atakonda kama Baba Mdogo na atakufa, na kwamba ameshaanza mara moja, ile malaria. Alicheka. Kisha aliniona uso, akaacha kucheka. Alisimama pale akivuta waya wa ile saa. Mama Mkubwa akamwita, akaenda.

Nilibaki na mahindi. Ndizo siku ndefu kuliko zote nilizopata kuziishi, na sikulia, kwa sababu niliamini kwamba ninamwokoa mtu. Nilipukuchua mpaka vidole gumba vikachubuka. Niliwaza Ouma sasa amevaa koti jeupe, na nikajilazimisha kufurahi. Nikikumbuka furaha ile ya kujilazimisha ndipo hasira inapopanda. Mtoto aliyelia angalau anajua kwamba ameibiwa.

Haikupita hata wiki. Ilikuwa mchana, Baba amekuja kula kabla ya kurudi zamu, sote tumekaa kwenye kivuli cha nyumba ya Mama Mkubwa. Ouma akaingia langoni na sanduku lake la bati begani, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Umefukuzwa!" Mama Mkubwa akaruka.

"Sijafukuzwa."

"Umetapika."

"Nimetapika, ndiyo, siku ya kwanza, lakini si hilo." Aliweka sanduku chini. Hakumtazama mama yake. Alimtazama Baba. "Baba, Sista ametufundisha juu ya Ukimwi. Ametuonyesha picha, kisha akatupeleka wodini tukaona watu. Mdomo kuwa mweupe ndani. Kikohozi. Kuhara. Kukonda mpaka mifupa. Alikuwa anamsema Baba Mdogo, Baba. Kila kitu alichosema kilikuwa Baba Mdogo." Akanigeukia. "Achi, haikuwa chira. Ochola hakumfanya kitu. Mimi siwezi kufa kwa sababu umekwenda hospitali kusoma. Nimekuja kukuambia uende."

Dani alianza kupiga kelele kwamba watoto wa siku hizi wanatukana wafu. Mama Mkubwa alishika kichwa. Baba alikuwa na tonge la ugali mkononi. Alilitazama, akalirudisha kwenye sahani.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?" Mama Mkubwa akauliza.

"Daktari wa Homa Bay aliniambia. Nilikuwa nimesimama karibu na kitanda. Aliniambia mimi."

Nimelishika lile "Najua" maisha yangu yote. Lilikuwa neno moja fupi la mtu anayekula mchana. Baba alijua Dani alipomtaja Ochola kaburini na Ochola akafunga nyumba yake. Alijua kila jioni alipokunja gazeti lenye habari hizo hizo. Alijua aliposimama na kofia mbele ya Madam Nduku na binti yake akasema "Aende Ouma". Hakuwa mtu mkatili, na ningefurahi kama angekuwa, maana ningemchukia nikamaliza. Alikuwa mtu mpole aliyempenda ndugu yake, na ili jina la ndugu yake lisitajwe pamoja na ugonjwa ule, aliacha chira ichukue lawama. Na chira ikiachwa ichukue lawama, haikai kaburini. Inarudi nyumbani, inakaa mezani, inapanga watoto nani atangulie.

Ouma alisema twende mara moja, kesho asubuhi. Alikuwa ameondoka bila kuaga, akijua kwamba angeomba ruhusa wangemuuliza sababu. Baba alisema yuko zamu mpaka mwisho wa juma. Tutakwenda Jumatatu. Mama yangu, ambaye hakuzoea kumpinga, alisema, "Mimi nitampeleka kesho," na Baba akasema jambo lile ni lake, atalipeleka mwenyewe kwa heshima. Basi tukangoja tena.

Niseme sasa kilichofuata shuleni, nisije nikalazimika kukieleza baadaye. Kiti cha fizikia nilikikosa. Madam Nduku alinipigania, lakini wenye alama zilizokaribiana na zangu walikuwa wengi na meza ni zile zile. Nilifanya sayansi kimu, na nilipofika kidato cha nne, tukiketi kuchagua kozi za chuo kikuu, Madam alikaa kando yangu akapitisha kidole kwenye orodha, akaruka, akaruka, akaruka, mpaka tukafika kwenye ualimu. Nimekuwa mwalimu mzuri. Wasichana wangu wananipenda, nami ninawapenda, na kila mwaka ninawaketisha mmoja mmoja kabla hawajachagua masomo, ninawauliza wanaogopa nini. Siwaulizi wanataka nini. Nauliza wanaogopa nini, kwa sababu huko ndiko jibu lilipo. Ukiwa mzazi au mwalimu, jaribu. Utashangaa mambo wanayobeba. Lakini mtu asiniambie kwamba yote yalitokea ili niwe mwalimu mzuri. Ningeweza kuwa daktari mzuri. Miaka ile watu wetu walikuwa wakizikwa kila Jumamosi, na madaktari hawakutosha.

Jumatatu ile tulipata lifti kwenye lori, Baba na mimi, na sanduku la Ouma likiwa sasa na nguo zangu. Tulifika hospitalini jua limeshapanda. Sista aliyetupokea alikuwa mwanamke mrefu mwenye viatu vya turubai vyeupe, na alisikitika kweli.

"Kijana aliondoka bila kusema," alituambia. "Tulikuwa na msichana wa Karungu aliyekuwa akingojea nafasi. Alifika jana baada ya misa. Vitanda vimekwisha, na sasa kundi limeenda mbele. Pole sana, mwanangu. Pole."

Dirisha la ukumbi lilikuwa wazi. Niliwaona wamezunguka meza, na msichana mmoja ameinama kwenye hadubini, jicho moja amelifumba kwa kidole kwa sababu hakujua kulifumba bila kidole. Nadhani ndiye yule wa Karungu. Simlaumu. Natumaini alifika mbali.

Baba alishukuru, akachukua sanduku, tukatoka. Karibu na lango kulikuwa na foleni ya wagonjwa wa nje, wanawake na watoto wengi na wanaume wachache wamekaa kwenye benchi na wengine chini. Hapo miguu yangu ikakataa kwenda.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Twende, lori litatuacha."

"Ulijua. Kwa nini hukusema?"

Baba aliweka sanduku chini. Alitazama watu, akanitazama mimi. "Ningesema nini, nyathina, mwanangu? Watu wangemsema ndugu yangu. Jina lake lingekuwa mdomoni mwa kila mlevi Awendo. Nililinda jina lake."

"Alikuwa ameshakufa, Baba. Mimi nilikuwa hai."

Hakuwa amewahi kunisikia nikisema naye hivyo, wala mimi sikuwa nimewahi kujisikia. Alinyoosha mkono kama anayetaka kunishika bega, kama siku ile ya wazazi, nikarudi nyuma.

"Punguza sauti," akasema. "Kuna watu."

Foleni yote ilikuwa imegeuka. Mwanamume mmoja aliyekaa mwisho wa benchi, amejifunika blanketi katika jua lile, alikuwa ameinua kichwa kunitazama. Sikupunguza sauti. Nilisema, bado kwa Kiswahili tulichozungumza na Sista, kwamba Baba Mdogo Okeyo alikufa kwa Ukimwi, na kwamba Ochola hakuwa na kosa, na nilisema mara ya pili, kwa nguvu zaidi, kwa Dholuo, ili kila aliyekuwa pale aelewe.